Mawe, N70 au lithiamu? Tazama kinacholiwa ndani kabla hujalipa

Baba yangu alikuwa akianika mawe ya redio, yaani betri kavu, juu ya bati. Mawe manne makubwa, yamepangwa mstari kama dagaa saa sita mchana, na sisi watoto kazi yetu ni kuyageuza. Jioni yalirudi kwenye redio, na taarifa ya habari ya saa mbili ya Radio Tanzania ikasikika mpaka mwisho. Tuliamini jua limetia umeme. Halikutia kitu, nitaeleza mbele.

Nimeyakumbuka hayo mawe kwa sababu ya binamu yangu mwenye saluni ya kiume Ifakara. Alinipigia akiwa dukani.

"Kaka, hapa kuna N70 ya gari, kuna betri ya sola ya maji ya Ah 100, na kuna hii lithiamu ya Ah 50. Ya lithiamu ndogo halafu bei yake karibu mara mbili. Nichukue ipi?"

Nikamwambia kwanza atoke dukani. Betri hainunuliwi huku muuzaji amekukodolea macho. (Hiyo Ah ni ampea-saa, kiasi cha umeme ambacho betri inabeba; ukizidisha kwa volti unapata wati-saa.) Tulizungumza karibu saa nzima, na mengi ya hapa chini ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ya mawe na tochi ambayo hakuyauliza.

Pantoni na daraja

Kila betri, kuanzia ya saa ya ukutani hadi ya basi, ina kitu kimoja kinachotaka kuachia elektroni na kingine kinachozitaka. Vikiachwa vigusane, vinamalizana wenyewe na unachopata ni joto tu. Ujanja ni kuvitenganisha na kuweka njia mbili.

Aliyekaa Dar ataelewa haraka. Kutoka Kigamboni kwenda mjini kuna pantoni na kuna daraja. Ndani ya betri, ioni, yaani chembe zenye chaji, zinavuka majini kwa pantoni. Elektroni haziruhusiwi kupanda pantoni, zinazungukia darajani, yaani kwenye waya, na huko darajani ndiko zinakolipishwa tozo: taa inawaka, mashine inanyoa. Pantoni ikikwama, daraja nalo linabaki tupu. Betri nyingi unazoambiwa "zimekufa" bado zina abiria, ila pantoni haivuki.

Waliosoma kemia ya sekondari wanaikumbuka seli ya Daniell ya mwaka 1836: zinki upande huu, shaba upande ule, volti 1.1. Hakuna duka linaloiuza leo, lakini inaonyesha vizuri jambo la kutazama. Zinki inayeyuka. Kuna kitu kinaliwa ili umeme upatikane. Basi ukishika betri yoyote jiulize: humu kinaliwa nini, na je, kinaweza kurudishwa mahali pake?

Jiwe la kaboni na jiwe la alkali

Jiwe la bei ya chini ni mjukuu wa seli aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Kopo lake, chini ya karatasi yenye nembo, ni zinki, na ndilo upande hasi. Katikati kuna kijiti cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa oksidi ya manganizi, na kati yao uji wa chumvi ya amonia. Tuliosoma shule za kijijini ule unga tunaujua kwa kazi nyingine: tulipasua mawe yaliyokufa, tukausaga pamoja na mkaa, tukapaka ubao. Mikono ilikaa myeusi siku mbili.

Kinachotokea humo, kwa ufupi, ni hiki:

Zn + 2MnO₂ + 2NH₄Cl → Zn(NH₃)₂Cl₂ + 2MnOOH

Zinki inatoa elektroni na kuyeyuka, manganizi inazipokea. Lakini zinki yenyewe ndiyo kopo! Ni sawa na kupikia nguzo za nyumba unayolala. Ndiyo maana jiwe lililosahauliwa kwenye tochi hutoboka, likamwaga uji unaokula springi mpaka tochi nzima inatupwa.

Sasa mawe ya baba. Jiwe likifanyishwa kazi mfululizo, mabaki ya mmenyuko yanajazana karibu na kaboni haraka kuliko yanavyoweza kusambaa. Volti inashuka ingawa zinki bado ipo. Ukilipumzisha, mabaki yanatawanyika, na ukilipasha joto yanatawanyika upesi zaidi. Mzee hakuwa anaongeza kitu, alikuwa anaondoa foleni kwenye pantoni. Na kila siku ya kuanika ilirudisha pungufu ya ile ya jana, mpaka siku redio inakoroma tu. (Kuna waliokuwa wakiyang'ata pia. Msiige.)

Jiwe la alkali, lililopata sura yake ya leo miaka ya 1950 kwa kazi ya Mkanada Lewis Urry, linatumia zinki na manganizi zile zile. Kilichobadilika ni maji na umbo. Badala ya chumvi ya amonia kuna hidroksidi ya potasiamu, na zinki imesagwa ikawa unga na kuwekwa katikati, huku kopo la nje likiwa la chuma kisicholiwa:

Zn + 2MnO₂ → ZnO + Mn₂O₃

Unga una sehemu nyingi za kugusana na maji kuliko ukuta wa kopo, kwa hiyo jiwe la alkali halichoki upesi ukilidai umeme mwingi kwa mara moja. Kwenye kazi nyepesi, alkali la ukubwa wa AA hutoa Ah 2 na zaidi, wakati la kaboni la ukubwa huo mara nyingi halifiki hata Ah 1. Kwenye kazi nzito pengo linapanuka. Kwa hiyo rimoti na saa ya ukutani wape la kaboni, mradi ulitoe kabla halijaoza. Tochi, kipima presha cha mama na gari la kuchezea la mtoto, alkali. Ukiweka la kaboni kwenye tochi yenye mwanga mkali utanunua mawe kila wiki na kudhani umeokoa pesa.

Na usiyachaji. Zinki iliyokwisha kuliwa hairudi kwenye umbo lake kwa utii. Gesi inajaa ndani, jiwe linavimba au kupasuka.

Zile bapa kama sarafu sitazilinganisha na chochote, nina neno moja tu. Mtoto akimeza, mate yanakuwa ndiyo maji ya betri, na kwenye upande hasi inatengenezwa alkali kali inayochoma koo ndani ya saa mbili hivi. Ni mbio za hospitali, si za kusubiri itoke.

Ndogo za kuchaji

Za nikeli, zinazoandikwa NiMH, zina sura ya AA ile ile. Ndani yake hakuna kinachoyeyuka: haidrojeni inahama kutoka kwenye aloi ya metali kwenda kwenye nikeli, na ukichaji inarudi.

MH + NiOOH ⇌ M + Ni(OH)₂

Volti yake ni 1.2, si 1.5, na watu huziogopa kwa hilo. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani jiwe la kawaida huanza na 1.5 likashuka polepole, ilhali hii hukaa kwenye 1.2 karibu muda wake wote. Mlinzi anayewasha tochi kila usiku achukue hizi na chaja nzuri, zinarudi mamia ya mara. Kwenye rimoti haina maana.

Risasi na lithiamu: hapa ndipo penye pesa

Turudi Ifakara. Betri ya risasi, ndiyo hiyo ya maji na ndiyo N70 pia, ilibuniwa na Mfaransa mwingine, Gaston Planté, mwaka 1859, na bado ndiyo inayowasha karibu kila gari unaloliona barabarani. Ndani ya ile ya volti 12 kuna seli sita, kila moja volti 2 na kidogo.

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ ⇌ 2PbSO₄ + 2H₂O

Upande mmoja ni risasi tupu, mwingine ni oksidi ya risasi, na wakati wa kutumika zote mbili zinageuka kitu kimoja, salfeti ya risasi. Tena asidi nayo inaliwa: betri inavyoshuka, asidi inageuka maji. Hilo ni jambo zuri kwa fundi, maana anaweza kuchovya haidromita (kipima uzito wa asidi) na kujua hali ya kila seli peke yake. Ikisoma karibu 1.27 imeshiba, ikisoma 1.12 hoi. Hakuna betri nyingine kwenye orodha hii inayokufungulia kifuniko ukaichungulia hivyo.

Neno moja kuhusu "maji ya betri", kwa sababu limeharibu betri nyingi. Madukani jina hilo hilo linabeba vitu viwili: asidi ya kujaza betri mpya, na maji yaliyokenekwa ya kuongezea yanapopungua. Betri iliyokwisha kuanza kazi haipotezi asidi, inapoteza maji, kwa sababu chaji ikizidi inayapasua kuwa haidrojeni na oksijeni. Ukiongeza asidi kila yanapopungua unazidisha ukali mpaka vibao vinachakaa. Na hiyo haidrojeni hulipuka, sigara ikae mbali.

Sasa ile N70. Ni betri ya gari: vibao vingi vyembamba, vinavyoweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache ili injini izunguke, kisha alteneta inarudisha papo hapo. Ukiitumia saluni, ikashushwa kila siku nusu na zaidi, ule udongo wa risasi uliopakwa kwenye vibao unavimba na kunywea, unameguka, unaanguka chini. Nilimkataza binamu N70, lakini si kwa sababu ni mbaya. Imezaliwa mwanariadha wa mita 100, na saluni inataka mbeba mizigo. Betri ya sola ya risasi ina vibao vinene vichache, ndiyo tofauti.

Lakini hata hiyo ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo unatoka moja kwa moja kwenye ule mstari wa kemia hapo juu. Salfeti mpya ni punje laini, ukiichaji inarudi kuwa risasi bila ubishi. Ikiachwa siku nyingi inashikamana ikawa fuwele ngumu ambazo chaji haizivunji. Kila fuwele ni sehemu ya kibao isiyofanya kazi tena. Ili kuikwepa, betri ya risasi inapaswa kujaa kabisa mara kwa mara, na hapo ndipo inapokuwa na deko: sehemu ya mwisho ya kujaa, ile asilimia 20 hivi, inakwenda taratibu na kula masaa, hata paneli yako iwe kubwa namna gani. Masika Kilombero, iliko Ifakara, kuanzia Machi hadi Mei, jua lenyewe linatoka kwa vipande. Betri inashinda nusu, inalala nusu, inaamka nusu. Ndiyo namna ya kuiua.

Joto nalo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Chumba chenye bati bila dari si mahali pake.

Lithiamu ya sola ni nyingine kabisa. Neno hilo "lithiamu" ni kama kusema "samaki", kuna sato na kuna kambale. Ya kutafuta ni yenye fosfeti ya chuma, huandikwa LiFePO4, iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Goodenough alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi ya betri za lithiamu. Ukiichaji:

LiFePO₄ + C₆ → FePO₄ + LiC₆

Ukiitumia, mshale unageuka. Hiyo C₆ ni grafiti, madini ya kinywe kama yale ya Mahenge, jirani kabisa na Ifakara. Kwa tabaka zake kinywe ni kama rafu za duka, ioni za lithiamu zinaingia na kutoka katikati ya rafu. Hakuna kibao kinachogeuka kitu kingine, hakuna fuwele za kuganda, na maji yake hayaliwi. Abiria wanavuka asubuhi, wanarudi jioni, na kituo hakibomolewi. Ndiyo sababu inavumilia mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchaji na kutumia, hata ikitumiwa asilimia 80 ya ujazo wake kila mara, wakati ya risasi nzuri ikishushwa nusu tu inahesabu mamia. Na kukaa nusu hakuidhuru. Masika kwake si msiba.

Tukapiga hesabu ya saluni. Mashine mbili za wati 12 kwa saa tano za kunyoa ni wati-saa 120. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne, 60. Muziki wa wati 20 kutwa saa kumi, 200 (nilimshauri apunguze, hakukubali, anasema bila muziki kijana hakai kwenye kiti). Simu kumi za wateja, 150. Jumla 530.

Betri ya risasi ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini usiishushe zaidi ya nusu, kwa hiyo unayo 600. Lithiamu ya Ah 50 yenye volti 12.8 ina 640, na hata ukitumia asilimia 90 unapata 576. Yaani ile "ndogo" na ile "kubwa" zinabeba karibu mzigo mmoja. Kilo ndizo hazilingani: ya risasi karibu 28, ya lithiamu karibu 6. Tena kila unachoingiza kwenye risasi kinapungua njiani asilimia 15 hadi 20, lithiamu haipotezi hata 10. Kwa mwenye paneli moja hiyo ni saa ya muziki.

Nisiionee risasi, kuna mahali ningeichagua bila kufikiri. Kuwasha injini. Nyumba ambayo umeme wa TANESCO upo na betri ni ya dharura tu: itakaa imejaa mwaka mzima, na kujaa ndiyo raha yake. Au mwenye pesa ya leo pekee, mwenye fundi karibu, na anayejua atapima maji kila mwezi. Risasi ikiharibika inaharibika polepole, unaiona ikizeeka. Lithiamu ina saketi ya ulinzi ndani, mafundi wanaiita BMS, na hiyo ikifa betri nzima inakaa kimya, huna kifuniko cha kufungua.

Ya simu si ya sola

Betri za simu na kompyuta mpakato nyingi zina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa Kolwezi na jirani zake. Seli yake ina volti 3.6 au 3.7, inabeba umeme mwingi kwa kilo, na inafaa kitu cha mfukoni. Shida ni kwamba ikipata joto kupita kiasi, ile oksidi ya kobalti inaachia oksijeni yake, na moto unaojitengenezea oksijeni hauzimwi kwa kufunikwa blanketi. Fosfeti imeishika oksijeni yake kwa nguvu zaidi, haiitoi kirahisi hivyo. Kwa kitu kinacholala chumba kimoja na watu, hilo lanitosha kuamua.

Hapa nami niliwahi kulizwa. Nilinunua "LiFePO4 Ah 50" kwenye duka ambalo sitalitaja, nikafurahia wepesi wake. Wiki ya pili ilikuwa inazima saa tatu usiku. Nikaipeleka kwenye mzani wa muuza mchele: kilo 2 na robo. Wati-saa 640 kwa uzito huo ni karibu 280 kwa kilo, na hii ya fosfeti iliyokamilika haizidi 120 au kidogo zaidi. Nikaikata. Seli za kompyuta mpakato zilizotumika, tatu tatu, baadhi bado zina mabaki ya gundi ya kiwanda, na nafasi yote iliyobaki imejazwa sponji.

Ningeijua bila kisu. Seli nne za fosfeti zikijaa na kupumzika husoma volti 13.3 hivi. Seli tatu za kobalti zinaishia 12.6, hata uzichaji kutwa. Na hatari ilikuwa kubwa kuliko hasara: chaji kontrola yangu, kile kifaa cha kuongoza chaji kutoka kwenye paneli, ilikuwa imepangwa volti 14.4, ambayo kwa seli tatu ni 4.8 kila moja, wakati mwisho wake ni 4.2. Kilichonilinda ni kile kisaketi cha bei rahisi mle ndani.

Kwa hiyo binamu alirudi dukani na vitu viwili: multimita ya kuazima, na ombi la kupima betri kwenye mzani wa duka la jirani. Muuzaji alicheka, akakubali. Kilo 5.9, volti 13.3. Akalipa, akabadilisha pia mpangilio wa kontrola kutoka risasi kwenda lithiamu, maana ukiiacha kwenye risasi kuna zile zinazopandisha volti mara kwa mara ili kukoroga asidi, na humo hakuna asidi ya kukoroga.

Ilibaki betri yake ya zamani, N70 iliyovimba mbavu. Alitaka kumwaga asidi nyuma ya banda ili iwe nyepesi kubeba. Nilimsimulia Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu: risasi iliingia kwenye damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Akaifunga N70 kwenye kiroba, imesimama wima na vifuniko vyake vyote, akaipakia kwenye bodaboda kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayezichukua na asidi yake ndani. Huyo anapima kwa kilo, na kwa uzito wa risasi alipata pesa ya kununua waya mnene wa sola na fyuzi.